Mtalii wa Siku Nne

Chirau alifua mashuka ya watalii kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kulalia hata moja. Alikuwa dobi mkuu wa hoteli moja ya Galu, mwenye mashine nne kubwa na wanawake sita wa kupiga pasi chini yake. Alipostaafu walimpa keki, saa ya ukutani, na kiinua mgongo ambacho mkewe Mwanapili alikwisha kukipangia kazi kabla hakijaingia benki: tangi la maji la lita elfu tano, na bati jipya upande wa jikoni.

Kabla tangi halijanunuliwa, Hafsa akapiga simu.

Hafsa ndiye mtoto wao wa pekee. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu akiwafundisha watoto Kiingereza huko Vietnam, katika jiji ambalo kwenye tiketi huandikwa Ho Chi Minh na wenyewe huliita Saigon. Maneno yake hayakuwa mengi. Kuna kijana, anaitwa Zakaria, Mwislamu, fundi wa majokofu. Anataka kuleta posa. Na kwa kuwa baba ndiye walii, mwenye haki ya kumwoza, wote wawili wanangoja neno la baba.

"Nimesikia," alisema Chirau, akampa Mwanapili simu, akatoka kwenda kuwaangalia mbuzi.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Kila Hafsa alipopiga, babake alikuwa msikitini, au bafuni, au amejilaza kidogo.

"Baba Hafsa," Mwanapili alimwambia asubuhi moja huku akimmiminia chai, "mtoto amekuuliza jambo nawe humjibu. Kama ni la, mwambie la, ajue moja."

"Nitamjibu vipi juu ya mtu nisiyemwona? Mwislamu, Mwislamu. Vietnam kuna Waislamu gani? Si ndio hao Wachina wanaokula vyura?"

"Hafsa amesema ni Mwislamu. Hafsa hasemi uongo."

"Hafsa amependa. Hata ukimwonyesha mbuzi sasa hivi, atakwambia ni farasi."

Mwanapili akaweka birika chini. "Basi nenda ukamwone mwenyewe," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake akajitupe baharini.

Hakudhani kwamba angesikilizwa. Lakini siku ya tatu yake Chirau alivaa shati la Ijumaa akaenda Ukunda, kwa Mbinya, mwanamke wa Kikamba mwenye duka la kompyuta karibu na stendi. Mbinya alimpiga picha, akamjazia fomu, akafika mahali akasita.

"Mzee, hapa wanauliza unaenda kufanya nini. Niweke tourism, ama?"

"Weka hiyo."

"Na uko solo?"

"Peke yangu."

Mbinya alimtazama juu mpaka chini, kofia ya vito, shati jeupe, ndara za ngozi. "Wacha wee," alisema kwa heshima, akabonyeza.

Mwanapili alizisoma karatasi zile jioni, zote tatu, ile ya tiketi akairudia. "Hili ndilo tangi langu?"

"Ndilo."

Aliikunja karatasi, akairudisha ndani ya bahasha. "Mwone alivyo, usiniletee maneno ya kuambiwa. Na usiseme ndiyo wala la kabla sijasikia mimi. Hafsa anajua?"

"Asijue mtu," alisema Chirau. Alikuwa ameichagua wiki yenyewe kwa hesabu. Shule ya Hafsa ingewapeleka watoto kambini Da Lat, mji wa milimani, mwendo wa saa saba kwa basi kutoka Saigon. Yeye angeingia na kutoka kabla binti yake hajarudi.

*

Chumba alichopewa kilikuwa ghorofa ya nne, katika gesti nyembamba iliyobanwa kati ya duka la miwani na duka la kahawa. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa pembe ya shuka na kuigeuza. Mshono ulikuwa mzuri, lakini walikuwa wametia dawa ya kung'arisha kupita kiasi. Akainusa, akatikisa kichwa. Kisha akalala kwa saa kumi na moja.

Alipoamka alilitandika shuka mwenyewe, akalivuta mpaka likakaza kama ngoma, na taulo akalikunja mfano wa bata. Mwanamke wa usafi alifungua mlango, akaona, akafunga, akaenda akarudi na mwenziwe. Wakasimama pale wakimcheka kwa adabu, mikono midomoni. Mmoja akampiga bata picha. Chirau alicheka nao, lakini alihisi aibu kidogo, kwa sababu alielewa kwamba amemfanyia mtu kazi yake bila kuombwa, na katika miaka thelathini na mmoja hakuna mgeni aliyemfanyia yeye hivyo akapendezwa.

Alikuwa amejiandaa kuwa mtalii kamili. Kikoi chake alikiacha ndani ya begi. Alivaa suruali ya mifuko sita na kofia pana ya kitambaa, vitu alivyovichagua kwa makini kutokana na miaka mingi ya kuvifua. Akashuka, akafika ukingoni mwa barabara, na hapo utalii ukamshinda.

Pikipiki zilikuwa zikipita kama maji. Ukunda kuna pikipiki, na Chirau alidhani anazijua, lakini za Ukunda huja moja, huja tatu, kisha mtu hupata nafasi. Hizi hazikuwa na mwisho wala nafasi. Mama na watoto wawili na kuku ndani ya tundu. Mtu aliyebeba jokofu. Bibi harusi amekunja gauni mapajani. Chirau alinyanyua mguu, akaurudisha. Alifanya hivyo kwa dakika ishirini kwa saa yake.

Mwanamke mzee mwenye kofia ya ukindu iliyochongoka, aliyekuwa akiuza tikiti za bahati nasibu, alikuwa akimtazama muda wote. Mwisho alikuja akamshika kiwiko bila kumuuliza, akaingia naye ndani ya barabara. Hakukimbia na hakusimama. Alitembea kama anayetoka jikoni kwenda sebuleni, na zile pikipiki zikawapitia huku na huku bila hata moja kupiga honi kwa hasira. Upande wa pili mama yule alimwachia kiwiko, akamnyooshea tikiti. Chirau aliinunua, haramu au si haramu, kisha akaitia ndani ya pipa la taka ili asije akashinda.

Kiu ilimkamata. Kando ya njia palikuwa na kijana mwenye madafu kwenye barafu. Chirau, ambaye nyuma ya nyumba yake Msambweni kuna minazi minane, aliuliza bei kwa vidole, akaambiwa elfu sitini. Alitoa noti, maana mfukoni alikuwa na milioni mbili na nusu za huko, akakunywa, na alipomaliza ndipo akapiga hesabu. Shilingi mia tatu, kwa dafu moja. Akamtazama kijana, kijana akamtazama kwa uso mweupe wa mtu asiye na hatia. Chirau aliujua uso ule. Ni huo huo ambao vijana wa ufuoni Diani huwavalia Wajerumani.

"Haya, bwana," alimwambia kwa Kiswahili. "Leo ni zamu yangu."

*

Anwani alikuwa nayo. Katika wiki zile za kungoja, kwa Idi, Zakaria alikuwa amempelekea Mwanapili kitambaa kwa posta, na mgongoni mwa kifurushi palikuwa na jina la mkahawa wa mama yake na mtaa. Chirau alikuwa amelikata kwa mkasi akalitia ndani ya pochi. Akampa mtu wa pikipiki karatasi ile, akavalishwa helmeti ya kijani, akafumba macho.

Alipoyafumbua alikuwa kando ya mfereji mpana, mbele ya uchochoro wa nyumba ndefu zilizobanana, na juu ya mapaa ya bati palikuwa na kuba la kijani na mwezi wake. Adhana ya Adhuhuri ikaanza. Chirau alisimama na helmeti kichwani mpaka mwenye pikipiki akaja kuivua.

Ndani ya msikiti wanaume walikuwa wamevaa saruni za mistari, zimefungwa kiunoni kama afungavyo yeye kikoi chake, na kofia nyeupe. Wazee kwa vijana. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na suruali ya mifuko sita. Walisimama safu, wakafunga mikono pale pale wanapofunga Msambweni, na baada ya sala wakapeana mikono kwa mzunguko huku wakimsalia Mtume kwa sauti ambayo, kama angefumba macho, angedhani ni ya kwao. Kila aliyempa mkono alimtolea salamu kamili. Chirau aliitikia akihisi kama mtu aliyeingia kwa watu bila kubisha hodi.

Mkabala na msikiti palikuwa na mkahawa wa meza tano na viti vifupi vya plastiki. Mwanamke wa makamo mwenye ushungi wa zambarau alikuwa akichota supu kutoka kwenye sufuria kubwa. Ukutani palikuwa na jina lile lile la kwenye karatasi yake. Chirau akaketi, magoti yakamfikia kidevuni.

Supu ilikuwa ya ng'ombe na tambi za mchele, na mdalasini ndani yake, na karafuu. Alikuwa anakaribia kuimaliza pale kijana alipoingia na sanduku la vifaa, akambusu mama yule mkono, akanawa, akaanza kuondoa vyombo mezani. Kisha akaja mbele ya Chirau akainama kidogo.

"Karibu sana, mzee," alisema kwa Kiingereza kizuri. "Unatoka wapi?"

"Unguja," alisema Chirau, mahali pa kwanza palipomjia. "Naitwa Mbwana. Nafanya biashara ya karafuu."

Kijana alimgeukia mama yake, wakatazamana. "Mimi Zakaria. Na huyu ni mama yangu, Rokia. Ukitaka nyama zaidi, sema."

Hakusema, lakini aliongezewa. Chirau alikula akimsoma yule kijana kwa njia aliyoijua, nayo ni nguo. Kola safi. Mikunjo ya mikono imepigwa pasi kwa subira. Kifungo cha pili kilikuwa kimeshonwa upya, kwa uzi wa rangi ile ile. Mtu mwenye kifungo kama hicho, alijiambia Chirau, hawezi kuwa mhuni. Ikamuudhi, kwa sababu alikuwa amepanda ndege tatu kuja kutafuta mhuni.

Siku ya pili alirudi. Shati lilikuwa jingine, safi vile vile. Safari hii alikuwepo babu wa nyumba, Haji Idrisi, babake Bi Rokia, mzee wa miaka themanini na ushei mwenye saruni ya kijani. Haji hakujua Kiingereza wala Chirau hakujua Kicham, lugha ya watu wale, lakini kila mmoja alikuwa na Kiarabu cha chuoni, cha kusomea Kurani, nacho kikawatosha. Wakatajiana sura wanazozipenda. Wakagundua kwamba wote wawili walisoma kwa madhehebu ya Imam Shafii, Haji akampiga Chirau begani kana kwamba wamegundua walinyonya ziwa moja.

Halafu Haji akauliza habari za watoto: "Aulad?"

Chirau alinyanyua kidole kimoja.

"Ibn? Bint?"

"Bint," alisema Chirau.

Haji alitikisa kichwa kwa muda mrefu, akimtazama kwa macho yenye ukungu. Hakuuliza tena. Chirau alimaliza supu bila kusikia ladha yake, akaacha pesa mezani, akarudi gesti kwa miguu, kilomita nyingi, akivuka barabara moja baada ya nyingine bila hata kuzitazama pikipiki.

*

Siku ya tatu mvua ilianza saa tisa alasiri. Chirau alikuwa ameketi pale pale kwenye kiti kifupi. Ilinyesha nusu saa tu, lakini mfereji ulikuwa umejaa tayari, na maji hayakuwa na pa kwenda ila uchochoroni. Yalikuja taratibu, bila kelele, yakapanda kizingiti, yakaingia mkahawani yakibeba kandambili ya mtu.

Bi Rokia alipiga kelele moja, si ya hofu bali ya uchovu wa mtu aliyezoea. Akaanza kupandisha viti juu ya meza. Haji alikuwa juu ya ngazi akitoa amri ambazo hakuna aliyezitii. Chirau alivua viatu, akakunja suruali ya mifuko sita mpaka magotini, akabeba gunia la mchele, kisha la pili. Nyuma, kwenye ua mdogo, kikapu cha nguo zilizokuwa zimefuliwa asubuhi kilikuwa kinaelea: taulo za mezani, ushungi, vitambaa vya jikoni, vyote ndani ya maji meusi.

Hapo Zakaria akafika. Hakuwa na shati safi. Alivaa fulana iliyochakaa yenye mafuta kifuani na kaptura iliyopasuka, na alikuwa amechelewa kwa sababu alianza nyumba ya pili kunyanyua jokofu la jirani mjane, jambo ambalo mama yake alimkaripia kwa dakika nzima huku maji yakipanda. Alitoa pampu ya kuvutia maji. Ikakataa kuwaka. Akaivuta kamba mara kumi. Akaipiga teke, akaumia kidole, akarukaruka kwa mguu mmoja ndani ya maji akitoa maneno ambayo Haji, kule juu ngazini, aliziba masikio asiyasikie. Halafu akakaa kitako ndani ya maji pale pale, akajitazama, akacheka mpaka machozi.

Chirau naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kumwona kijana yule kama alivyo, na moyo wake ukafunguka kidogo bila kumwomba ruhusa.

Pampu iliwaka mwishowe. Maji yalipopungua, Chirau hakungoja kuambiwa. Aliuburuta mtungi wa maji safi uani, akaomba sabuni kwa ishara, akaziosha nguo zile maji matatu. Bi Rokia alikuja kumzuia, akaona mikono yake inavyofanya kazi, akashika ncha ya pili ya taulo. Wakazikamua pamoja, yeye akipindua kulia na mama yule kushoto, wakazianika chini ya kibaraza. Vile vitambaa vidogo vilivyosalimika kabatini, Chirau alivikunja upya: pande mbili zikutane katikati, kisha mara moja, kisha mara moja tena, mshono ndani.

Bi Rokia alikichukua kimoja akakitazama. Akachukua simu ya mwanawe, akafungua programu ya kutafsiri, akazungumza nayo kwa Kivietnam, akamwekea Chirau usoni. Ndani ya simu ikatoka sauti ya mwanamke, Kiswahili chake kama cha mtu aliyejifunzia redioni:

"Baba wa Hafsa. Inatosha sasa. Tafadhali keti na ule."

Chirau alibaki na kitambaa mkononi. Masikio yakamwaka moto. Alifikiria mlango, lakini viatu vyake vilikuwa juu ya kabati na mwenye kuvifikia alikuwa Zakaria.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza," alisema Zakaria, akitazama chini. "Hafsa ana picha yako kwenye simu. Mama alikujua kabla hujaketi."

"Na mbona hamkusema?"

Zakaria alimuuliza mama yake, akamletea jibu. "Anasema ulikuja na jina lako jipya, akaona si vizuri kukuvua mbele ya watu."

Chirau aliketi. Bi Rokia akamletea bakuli, naye akala, maana alikuwa na njaa na aibu haikumwondolea njaa. Kisha Zakaria akakohoa. "Mzee, kuna jambo lazima nikwambie. Yale mashati. Mimi si mtu wa mashati. Mama alinipigia simu siku ile nikiwa kazini, akasema baba yake Hafsa yuko hapa anakula, nenda kwa mjombako ukaazime shati. La siku ya pili pia ni la mjomba."

"Na kifungo?"

"Kifungo gani?"

"Cha pili. Kimeshonwa upya."

"Mke wa mjomba," alisema Zakaria.

Chirau aliweka kijiko chini. Miaka thelathini na mmoja ya kusoma watu kwa nguo zao, na alikuwa amemsoma mjomba. Alianza kucheka polepole, akicheka na pua, akishindwa kujizuia, mpaka Haji kule ngazini naye akaanza kucheka bila kujua kinachochekwa.

"Hafsa anajua niko hapa?" aliuliza alipopata pumzi.

"Nilijaribu kunyamaza," alisema Zakaria. "Nilinyamaza kwa saa mbili."

*

Hafsa aliingia uchochoroni saa mbili na nusu asubuhi ya siku ya nne na mkoba mgongoni, uso umevimba kwa usingizi wa basi. Ndege ya babake ilikuwa ya saa kumi jioni. Alimkuta amesimama kando ya mfereji, amevaa kikoi chake, kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Wakatazama maji kidogo. "Ulikuja kunipeleleza," alisema Hafsa.

"Nilikuja kumpeleleza yeye."

"Na ungemwona mbaya?"

"Ningerudi nyumbani, nikakupigia simu, nikasema la. Wala usingejua nimepanda ndege."

"Na sasa?"

Chirau alikaza kikoi chake kiunoni ingawa hakikuwa kimelegea. "Naye sina neno. Nimemwona akipiga pampu teke. Neno langu ni jingine, Hafsa. Mimi nikifa asubuhi, nitazikwa alasiri. Wewe utafika lini?"

Alitazamia aambiwe asiseme hivyo, au Mungu ampe umri. Hafsa alifikiri, akihesabu kweli, kama mtu anayehesabu saa za ndege.

"Sitafika, baba. Kwa maziko sitafika. Nitafika kwa khitima. Hilo sitakudanganya."

Lilimuuma, kisha likapita, na nyuma yake pakawa na kitu kama pumzi. Kwa wiki zote hizo alikuwa akiogopa jibu hili, na sasa limesemwa mchana kweupe na binti yake hakukwepa macho.

"Lakini hujafa," alisema Hafsa. "Nitakuja kila likizo. Na wewe umekuja mwenyewe, kwa ndege tatu, hujui hata salamu ya hicho unachokiita Kichina. Unaweza kuja tena."

"Si Kichina," Chirau alimsahihisha. "Ni Kivietnam. Na ndani ya nyumba ile ni Kicham."

Hafsa alimtazama, akamshika mkono, wakaingia.

Nyumba ilikuwa imejiandaa. Sakafu bado ilikuwa na unyevu, lakini palikuwa na mkeka, chai, na vitumbua vya mchele visivyo mbali sana na vya Msambweni. Haji alikaa katikati. Zakaria alivaa fulana yake mwenyewe, safi, isiyopigwa pasi. Hafsa akaketi karibu na babake, maana ndiye pekee aliyeweza kutafsiri pande zote mbili.

Chirau akaomba subira, akampigia Mwanapili simu ya video. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwanapili alitokea na leso kichwani, nyuma yake jiko na bati lile la zamani.

"Mama Hafsa, niko kwao. Hawa hapa."

"Sogeza simu. Naona pua yako tu."

Aliisogeza. Bi Rokia akainama mbele, akatoa salamu. Mwanapili akaitikia, akauliza habari za nyumbani, kwa Kiswahili. Bi Rokia akajibu kwa Kicham. Mwanapili akasema kile kitambaa kilimfika na kilimkaa vizuri, akakifuata chumbani akaja nacho. Bi Rokia alikitambua, akapiga makofi, akaleta kingine cha jinsi hiyo akakionyesha kwenye kioo. Hafsa alijaribu kutafsiri, hakuna aliyemsikiliza. Waliongea hivyo kwa robo saa, kila mmoja kwa lugha yake, wakionyeshana sufuria na ushungi na picha za ukutani, na Chirau akahamisha simu kutoka mkono mmoja kwenda wa pili.

"Mwanapili," alisema mwisho. "Wanangoja jibu."

"Umesema nini?"

"Sijasema. Uliniambia nisiseme."

"Basi sema, baba Hafsa. Bando langu linaisha. Mimi nimekwisha kumwona mama yake."

Haji Idrisi akainua mkono, wote wakatulia. Aliomba, kwa maneno machache na ya taratibu ambayo Hafsa aliyatafsiri, kwamba mjukuu wake Zakaria apewe Hafsa kwa sunna ya Mtume. Zakaria alikuwa akilitazama bakuli la sukari. Chirau angeweza kujibu kwa Kiingereza, lakini neno kama hilo hakutaka kulisema kwa Kiingereza cha hotelini. Akakaa sawasawa, akasema kwa Kiswahili.

"Mimi, Chirau, babake Hafsa, na mamake yupo hapa anasikia, tumeridhia. Mwana wetu ni wenu, na mwana wenu ni wetu. Lakini mje kwetu. Mje Msambweni kabla ya Ramadhani, ndoa ifungwe nyumbani, mbele ya watu wetu, na wewe Haji uje, hata kama itabidi nikubebe."

Wote wakamgeukia Hafsa. Haji alikuwa ameinamisha sikio. Bi Rokia alishikilia ushungi wake kwa vidole viwili. Zakaria aliliacha bakuli la sukari.

Hafsa alifungua kinywa, akakifunga. Akajaribu tena, likatoka nusu neno. Akaweka viganja usoni, mabega yakawa yanatikisika, na hakuna mle ndani aliyeweza kusema kama analia au anacheka, wala wenyeji, wasiojua Kiswahili, hawakujua bado kama wamepewa au wamenyimwa.

"Mbona kimya?" Mwanapili aliuliza kutoka ndani ya simu. "Bando limekwisha?"

"Halijakwisha," alisema Chirau. "Tunamngoja mwanao."